Tupeane uzoefu: herufi ndogo zinazoziba au kukatika kwenye kuchapa

Wakuu, mada ni moja tu. Maandishi ya pointi (kipimo cha ukubwa wa herufi) 6 hadi 9 yanasomeka safi kwenye kompyuta, yakifika kwenye karatasi tundu la "e" limeziba na mistari myembamba imekatika. Kila mmoja aseme kwa njia anayoijua, na tuweke vipimo.

Mshika Skwiji
Kwa kuchapa kwa skrini, yaani fremu yenye neti ambayo wino unasukumwa kupita ndani yake, anza na hiyo neti. Ya nyuzi 43 kwa sentimita ni ya fulana na maandishi makubwa. Herufi ndogo zinatoka na meno pembeni. Karatasi inataka 77 hadi 90, na mistari myembamba sana 120.

Filamu, yaani plastiki angavu iliyochapwa maandishi, ndiyo inayoangusha wengi. Ichapwe bila kugeuzwa. Ilaze kwenye uso wa chini wa skrini, ule unaogusa karatasi, upande wenye wino ukigusa emalsheni, ile dawa inayopakwa kwenye neti, ikagandishwa na mwanga, na palipozibwa mwanga ikaoshwa na kutoka. Maandishi yataonekana kinyume, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiipindua, unene wa plastiki unaacha mwanya, mwanga unapenya kwa pembeni chini ya wino, na mstari mwembamba unaliwa pande zote mbili. Hata filamu iliyolala sawasawa huinuka kama haijakandamizwa, kwa hiyo weka kioo kizito juu yake.

Muda wa mwanga usikisiwe. Funika skrini kwa kadibodi, uisogeze kidogo kila baada ya muda uleule, kisha osha. Hatua yenye mwanga mdogo mno itateleza na kutoka. Iliyozidi haitafunguka kwenye herufi nyembamba hata uoshe vipi. Chagua hatua fupi kuliko zote ambayo emalsheni imeshika na herufi zote zimefunguka. Jaribio halina maana kama emalsheni haijakauka hadi ndani.

Wakati wa kuchapa, skrini ielee milimita 2 au 3 juu ya karatasi. Ikilala kabisa inanata, na wino unachuruzika chini ya kingo. Vuta skwiji, ule mpira wa kusukumia wino, mara moja tu kwa mwendo mmoja mfululizo, halafu sambaza wino juu ya picha bila kukandamiza, la sivyo wino wa maji utakauka ndani ya neti na herufi ndogo ndizo zitakazoziba kwanza.

Karani wa Kurasa
Upande wa ofseti, uchapaji wa mashine wenye sahani moja kwa kila rangi: maandishi meusi yawe nyeusi 100% peke yake, rangi nyingine tatu ziwe sifuri. Faili ikitengenezwa kwa RGB, yaani rangi za kioo cha kompyuta (nyekundu, kijani, buluu), nyeusi mara nyingi hugeuzwa kuwa mchanganyiko wa rangi nne. Sahani zikipishana sehemu ya kumi tu ya milimita, herufi ya pointi 7 inapata ukingo wa rangi na kuonekana imetetemeka. Kagua kila rangi peke yake kabla ya kutuma: maandishi yaonekane kwenye nyeusi tu.

Maandishi meupe ndani ya rangi ni hatari zaidi, maana wino unatanuka kuelekea ndani ya herufi. Tumia fonti isiyo na serifu (vile vikia vya kwenye ncha za herufi), unene wa kati, pointi 8 kwenda juu, na uachanishe herufi kidogo. Fonti ya Bodoni hapo usiiguse. Mistari yake myembamba inamezwa yote.

Jicho la Herufi
Naongezea alichosema Karani. Fonti yenyewe ni nusu ya kazi. Tazameni fonti ya Bell Centennial, aliyoichora mbunifu wa herufi Matthew Carter kwa ajili ya vitabu vya simu vya kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ikatoka 1978. Kwenye pembe ambapo mistari inakutana amechimba vijikato. Wino ukitanuka kwenye karatasi hafifu unavijaza, na herufi inatoka na umbo lake. Ni kazi ya akili kubwa sana. Ila msiikuze kwenye bango, vile vijikato vitaonekana kama kasoro.

Kisu na Lino
Lino, lile bamba laini linalochongwa kwa kisu, si ya pointi 7, tusidanganyane. Kwa herufi kubwa, inamisha kisu ili ukuta wa herufi uwe na mteremko unaopanuka kwenda chini. Ukichimba ndani ya ukuta, mstari unavunjika ukikandamizwa.

Mshika Skwiji
Nyongeza kwa wanaochapa filamu kwa printa ya leza: inueni filamu mbele ya taa. Mkiona vitundu vya mwanga ndani ya weusi, chapeni mbili, mzipachike moja juu ya nyingine, mzibane kwa gundi ya utepe kwenye pembe. Zikihama kidogo tu herufi zinanenepa, kwa hiyo zipangeni kwa kutumia lenzi.