Hoteli zinaota Dodoma kila kona, sisi tunaotandika vitanda tunaitwa Machi na kutupwa Julai

Wakuu, heshima kwenu.

Leo ni siku ya 19 tangu niambiwe nirudishe sare. Nilijizuia kuandika nikijua nitatukana. Nimesubiri hasira ipoe, haijapoa, basi naandika nayo hivyohivyo.

Mimi ni mhudumu wa vyumba. Nina cheti cha mwaka mmoja cha huduma za hoteli, ada aliitoa mama kwenye karanga na zabibu anazouza barabarani. Nimefanya misimu mitatu kwenye hoteli moja mpya hapa mjini, jina silitaji. Ina lifti, ina bwawa la kuogelea, ina ukumbi wa watu 400. Siku ya uzinduzi ilitangazwa kwenye kipaza sauti kwamba mradi umeleta ajira kwa vijana wa Dodoma, watu wakapiga makofi. Mmoja wa hao vijana nilikuwa mimi, nimesimama mstari wa mbele na sare mpya. Sare hiyo nilikatwa kwenye mshahara wa mwezi uliofuata.

Kwa wasioijua Dodoma: huku mtalii wetu mkubwa haji na kamera kuangalia simba, anakuja na begi la nyaraka. Bunge la Bajeti likianza Aprili mji unafurika. Wabunge, wataalamu wa wizara, watu wa mashirika, waandishi, madereva wao. Chumba cha 70,000 kinauzwa 120,000 na bado watu wanagombania. Sisi tunapigiwa simu mwishoni mwa Machi, "njoo kesho, vaa viatu vyeusi". Bunge likiahirishwa mwisho wa Juni, Julai meneja anatuita mmoja mmoja: biashara imeshuka, kapumzikeni, tutawapigia. Barua hakuna. Malipo ya likizo hakuna, wakati sheria inasema siku 28 kwa mwaka. Nanenane ikifika pale Nzuguni wanaitwa wachache, deiwaka ya 7,000 kwa siku, halafu kimya mpaka Machi nyingine.

Mwaka huu sababu imebadilika. Tunaambiwa treni mpya ya SGR imeua biashara, eti tangu ianze 2024 mgeni anatoka Dar alfajiri, anahudhuria kikao chake, jioni anarudi kulala kwake. Inawezekana kweli wapo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nahesabu mashuka. Aprili mpaka Juni ghorofa yangu haikulala na chumba kitupu zaidi ya siku nne.

Ghorofa yangu ina vyumba 18. Chumba kimoja ukikifanya inavyotakiwa ni nusu saa: unavua mashuka, unatandika, unasugua choo, unafuta kioo kisibaki hata tone, unabadili taulo, unadeki ukirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Piga hesabu mwenyewe. Jumla ni saa 9 za kazi, hujanywa hata chai. Na saa 9 za kazi ndizo mwisho kwa siku kisheria, saa 45 kwa wiki, siku zisizozidi 6. Mwezi Mei nilifanya siku 26 mfululizo bila ofu. Nikimaliza vyumba napelekwa ukumbini kubeba sahani za bafe mpaka saa 5 usiku. Saa za ziada zinatakiwa kulipwa mara moja na nusu, na kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Nilipomuuliza msimamizi akanijibu, "We dada, nje ya geti wapo arobaini na vyeti vyao mkononi." Akaendelea kuandika zamu.

Sasa sikilizeni hili la taulo, maana ndilo lililonifukuzisha.

Juni kulikuwa na kundi la semina, siku nne. Waliondoka Ijumaa alfajiri wakiwahi treni. Nimeingia vyumbani kwao nikahesabu: taulo kubwa tatu hazipo, na birika la umeme limepasuka mdomo. Nikapiga mapokezi palepale. Nikaandika kwenye daftari la ghorofa, namba za vyumba na saa, 1:20 asubuhi. Mapokezi walikuwa na namba za simu za wale wageni na risiti ya taasisi iliyowalipia. Hakuna aliyewapigia. Mwisho wa mwezi bahasha yangu imeandikwa kwa kalamu nyekundu: SHOTI 95,000, yaani nimekatwa hasara hiyo. Mshahara wangu ni 180,000.

Taulo tatu kwa 25,000, birika 20,000. Taulo zile zimefuliwa mpaka zinakwaruza, sokoni Majengo hupati mtu wa kukupa 8,000. Na hata kama ningekuwa kweli nimezipoteza mimi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri anipe nafasi ya kujieleza, anionyeshe deni kwa maandishi, mimi mwenyewe nikubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 180,000 ni 45,000. Sikusaini kitu. Nilikwenda ofisini na lile daftari mkononi, nikaulizwa nani amenifundisha sheria. Wiki iliyofuata nikaambiwa nipumzike, na mimi peke yangu nikaongezewa kwamba Machi nisisubiri simu.

Mkisikia mwekezaji msifikirie mzungu. Wetu ni Mtanzania mwenzetu, Jumapili anasali mbele kabisa.

Kuna amri ya kima cha chini cha mshahara. Inatenganisha hoteli za kitalii, hoteli za kati, halafu migahawa, gesti na baa. Kila kundi na kiwango chake. Pale kwetu kwenye bango la barabarani ni hoteli ya kitalii, kwenye bei ya chumba ni ya kitalii, kwenye bahasha ya mhudumu inageuka gesti. Afisa kazi akija anakaribishwa juu, anapewa juisi, anaonyeshwa mafaili ya watu wanane wa ofisini. Sisi wa ghorofani siku hiyo tunaambiwa tupite mlango wa nyuma.

NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nakatwa, kwenye karatasi ipo. Nimeangalia salio, miezi mitano haijapelekwa. Na mama mmoja wa dobi, mtu mzima ananizidi miaka ishirini, aliungua kiganja kwenye pasi kubwa Aprili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya jambo kama hilo na anayeuchangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Akapewa 10,000 ya dawa na siku mbili. Alirudi anakunja mashuka kwa mkono mmoja, mkono mwingine umefungwa kitambaa cha jikoni.

Taifa linahesabu wageni. Mwaka 2024 tumevuka milioni 2 kutoka nje, na mimi nafurahi, ndiyo kazi niliyosomea. Ila mwaka jana walikuja wazee wawili, mtu na mkewe, kutoka Ujerumani. Walitaka kwenda Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa, ile ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 2006. Wakauliza mapokezi njia ikoje, nani wa kuwaongoza, watalala wapi. Aliyekuwa anajua ni kijana Mrangi, kwao kabisa ni Kolo, alikuwa anawaeleza wageni mpaka wanasahau chakula. Alikuwa ameshaondolewa Julai, siku hizi yuko kwenye bodaboda. Mapokezi yupo binti wa wiki mbili, akawaambia hapajui. Asubuhi wale wazee wakapanda gari kwenda Arusha. Unajenga ghorofa kwa mabilioni halafu unamtupa mtu ambaye ndiye anamfanya mgeni aongeze usiku mmoja!

Mwekezaji anapewa nafuu za kodi ili alete ajira. Ninachotaka ni kwamba anapokwenda kudai nafuu hizo aulizwe mikataba iko wapi, stakabadhi za NSSF ziko wapi, na aitwe mtu wa dobi aulizwe bila bosi kuwepo. Kuhesabu vichwa siku ya kukata utepe siyo kuhesabu ajira.

NYONGEZA: Wengi mmeniuliza inbox kama nimeenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi. Fomu Namba 1 nimeshajaza, Jumatatu naipeleka. Aliyeachishwa ana siku 30, kwa hiyo zimebaki 11. Wanaosema "huna mkataba huwezi kushinda", someni kifungu cha 15 cha sheria ileile ya 2004: mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unabaki kwake. Wanaosema nilikuwa wa msimu, miezi sita ya kulindwa dhidi ya kuachishwa isivyo halali sijafikisha, kifungu cha 35 kinasema miezi hiyo ni kwa mwajiri yuleyule, iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi. Mimi nina misimu mitatu, acha Tume ihesabu.

Kwa mliokuwa zamu moja na mimi, mnajijua. Ile ratiba ya Aprili hadi Juni iliyobandikwa nyuma ya mlango wa stoo ya mashuka, mwenye picha yake kwenye simu asiifute. Daftari la ghorofa limeshafichwa, lakini ukurasa wa taulo niliupiga picha saa 1:24.