Niko mwaka wa nne uhandisi wa umeme, nataka kazi za chipu hapa hapa Kenya, niombe skolashipu gani?

KijanaWaMathira:
Wadau habari za jioni, naomba ushauri maana nyumbani kila mtu ana lake. Nasoma uhandisi wa umeme na elektroniki, mwakani namaliza Mungu akipenda. Tangu nijue pale Nyeri ndani ya chuo cha Dedan Kimathi kuna kiwanda cha semikondakta, yaani chipu za elektroniki, cha kampuni ya STL, akili imegoma kuwaza kitu kingine. Halafu Mei 2024 Ruto alipoenda Washington ikatangazwa Kenya inaingia kwa ule mpango wa CHIPS wa Marekani wa kuinua utengenezaji wa chipu, ya kwanza Afrika, nikasema basi mambo ndiyo haya. Sasa lecha ananiambia bila masters sitaangaliwa, mzee anasema karo ya mwaka wa mwisho yenyewe anaitafuta kwa tochi, na mjomba anataka niachane na hizi ndoto niende kuandika maapu nianze kula pesa. HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, nachukua lakini haitoshi. Je niombe ya nchi gani, na nikirudi kazi itakuwepo ama nitaishia kutengeneza simu za watu pale barabara ya Luthuli, Nairobi? Wastani wangu ni 66, sekandi apa.

MzeeWaVolti:
Kijana kabla hujauliza nchi, jiulize unataka kukaa wapi kwa hii kazi, maana watu wakisikia chipu wanadhani ni kitu kimoja. Kuna wa kudizaini, hao ni kompyuta tu, unaweza kukaa Karatina ukachora chipu ikatengenezwe Taiwan. Kuna wa kiwandani kwenyewe, kwenye vile vyumba visivyotaka hata chembe ya vumbi, na huko ni kemikali, gesi, pampu za vakyumu, maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu ndani, kwa hivyo usishangae mtu wa kemikali ama mekanika akikupita wewe wa umeme. Halafu kuna kukata, kufungasha na kupima, hii ndiyo nchi nyingi huanza nayo kwa sababu mtaji wake si wa kutisha kama wa kiwanda kamili. Na hizo pesa za Marekani msizihesabu kama za kwetu, ule mfuko ni dola milioni 500 kwa miaka mitano, unagawanwa na mambo ya mitandao ya simu, na kwa foleni kuna Vietnam, Ufilipino, Costa Rica, Mexico na wengine. Hakuna skolashipu ya jina lako imelala pale.

DadaWaDaejeon:
Niko Korea kwa GKS, ile skolashipu ya serikali yao, wacha nikwambie yenye itakusumbua. Wanalipa tiketi, karo, posho, na mwaka wa kwanza mzima unasoma Kikorea, lazima ufike TOPIK 3, yaani kiwango cha tatu cha mtihani wa Kikorea, ndiyo uendelee. Shida yako ni hiyo 66. Wao wanataka 80 kwa mia kwenda juu, ama GPA ya 2.64 kwa 4.0, na huku kwetu 70 tayari ni A, mtu wa Seoul akiangalia transkripti yako anaona mtoto aliyefeli. Nenda kwa ofisi ya rejista sasa hivi, usingoje kumaliza, uombe barua rasmi inayoeleza mfumo wa alama wa chuo na namna ya kuzibadilisha. Watu wengi wazuri wanaangukia hapo na hawajui waliangushwa na nini. Ya masters hufunguliwa kama Februari, ukipitia ubalozi unachagua vyuo vitatu, ukipitia chuo ni kimoja tu. Kuomba ni bure, mtu akikuitisha pesa ya fomu mblok.

Mkosoaji254:
Sitaki kukuvunja moyo lakini kiwanda ni kimoja na vyuo vinatema wahandisi wa umeme kila mwaka. Masters ya nano sijui nini, halafu? Mjomba wako si mjinga.

MzeeWaVolti:
@Mkosoaji254 ndiyo maana nimeuliza anataka sehemu gani. Anayejua kudizaini na kupima hangoji kiwanda kimoja. Na bwana mdogo, sai hauna kisingizio, zamani programu za kuchora chipu zilikuwa za matajiri, leo OpenLane, Magic na ngspice ni za bure, na tangu 2020 Google na SkyWater waliachilia wazi vipimo vya kiwanda vya teknolojia ya nanomita 130, vile unavyofuata ukichora chipu. Kuna Tiny Tapeout pia, mnachanga nafasi watu wengi kwa chipu moja, kadizaini kako kanatengenezwa kweli kweli. Profesa akiona hicho kwa ombi lako, hiyo 66 inapungua makali.

Binti_Kigamboni:
Jamani na sisi wa Bongo tujibiwe, Samia Scholarship naona ni ya digrii ya kwanza kwa waliofaulu sana sayansi fomu siksi, mimi nshamaliza digrii CoICT, kile chuo cha teknolojia cha UDSM. Japani vipi?

DadaWaDaejeon:
@Binti_Kigamboni MEXT, skolashipu ya serikali ya Japani, kupitia ubalozi inafaa, ila uwe chini ya miaka 35, kuna mtihani, na unaandika mpango wa utafiti, ndiyo kazi kubwa. Ukipita mchujo wa kwanza unatafuta profesa mwenyewe akupe barua. TSMC, kampuni kubwa ya chipu ya Taiwan, wamefungua kiwanda Kumamoto kisiwani Kyushu 2024, kwa hivyo vyuo vya huko viangalie kwanza. Ujerumani nako Dresden kumejaa viwanda vya chipu na kuna masters ya Kiingereza, lakini bila DAAD, skolashipu ya Ujerumani, au mfadhili utaambiwa uweke kwa akaunti yuro 11,904 za mwaka mmoja kabla ya viza, hapo mzee atauza shamba.

WakiliWaMadeni:
Na ukipanda ndege waandikie HELB. Deni halijui uko Korea, usipolipa faini ni shilingi 5,000 kila mwezi.

KijanaWaMathira:
Asanteni sana, kesho rejista. Naona niende upande wa kudizaini na kupima. Projekti ya mwaka wa mwisho lecha alitaka nifanye taa za barabarani zinazojiwasha, naweza kubadilisha?

MzeeWaVolti:
Badilisha leo. Taa za barabarani kila mwaka kuna mtu anazifanya. Chukua saketi ndogo ya kusoma sensa ya unyevu wa udongo, huko kwenu kuna majani chai na kahawa, ichore kwa hivyo vipimo vya nanomita 130, ijaribu kwa kompyuta na ngspice, ulinganishe matokeo na yaliyotarajiwa. Atachimenti, yale mafunzo ya kazini, omba pale STL Nyeri mapema, peleka barua kwa mkono usitume tu imeli. Na maprofesa wa nje waandikie ukitumia anwani ya chuo kabla haijafungwa, ya Gmail wanaipita kama haipo.