Zahanati ipo saa moja kutoka mizingani: tufanyeje bila kalamu ya adrenalini?

AsaliYaMiombo
Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Kikundi chetu cha wafuga nyuki kipo Sikonge, Tabora. Kutoka porini hadi zahanati ni saa moja kwa pikipiki, mvua ikinyesha ni zaidi. Wanachama wawili wana mzio mkali wa nyuki, na daktari ameshaagiza adrenalini, dawa ya sindano ya mzio mkali, iwepo kazini. Kalamu zile za kujidunga ni mpaka ziagizwe nje, bei hatuiwezi. Je, ampuli (kile kichupa cha kioo cha dawa) na bomba la kawaida la sindano vinafaa? Tununue nini hasa, kipimo kiasi gani, na dawa itakaaje kwenye joto hili? Wote ni watu wazima, ila kuna kijana wa miaka 11 huja na baba yake.

NesiWaDharura
Vinafaa, na dawa ni ileile. Kwenye kalamu unalipia springi na plastiki. Mwaka 2016 Marekani pakiti ya EpiPen mbili, chapa maarufu ya kalamu hizo, ilipita dola 600, na huko huko kuna huduma za magari ya wagonjwa zilizoachana nazo zikarudi kwenye chupa na bomba.

Mkoba mmoja uwe na: ampuli 3 za adrenalini ya 1 mg kwa 1 ml (boksi limeandikwa 1:1000), mabomba 3 ya 1 ml, sindano 4 za geji 23 (namba ya unene wa sindano) urefu wa milimita 25 (zenye kitako cha bluu), vipande vya gozi na kalamu ya wino. Ampuli tatu kwa sababu dozi moja mara nyingine haitoshi, na moja itavunjika mtu akiwa anatetemeka.

Kipimo cha msuli: mtu mzima na yeyote aliyezidi miaka 12, 0.5 ml. Miaka 6 hadi 12, 0.3 ml, ndiyo ya huyo kijana wenu. Chini ya miaka 6, 0.15 ml. Kabla ya kwenda porini chora mstari wa wino kwenye bomba, mmoja penye 0.5 na bomba jingine penye 0.3, na uandike "MKUBWA" au "MTOTO". Wakati mtu anakoroma mbele yako hutasoma vimistari vya 0.01.

Hatua zenyewe:
1. Gonga shingo ya ampuli kwa kucha hadi dawa yote ishuke chini. Zungusha gozi shingoni, kidoti cha rangi kilichopo hapo kikuangalie wewe, vunja kwa kusukuma kichwa cha ampuli kiende nyuma, mbali nawe.
2. Inamisha ampuli, zamisha ncha ya sindano kwenye dawa, vuta kupita mstari kidogo. Elekeza ncha juu, gonga, toa hewa na ziada mpaka ufike kwenye mstari. Ampuli ya 1 ml ina dozi mbili za mtu mzima, kwa hiyo usivute yote ukaisukuma yote. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote.
3. Paja, upande wa nje, katikati kati ya nyonga na goti. Choma wima, nyuzi 90, mpaka mwisho wa sindano, sukuma, chomoa.
4. Andika saa kwenye mkono wa mgonjwa. Baada ya dakika 5 hakuna nafuu, rudia paja la pili kwa bomba jipya.

Jambo moja la kwenu: suti ya nyuki ni nene, na ndani kuna suruali. Milimita 25 zikipotelea kwenye nguo haifiki msuli. Fungua zipu kwanza. Na kabla ya yote mbebeni mgonjwa mbali na mizinga, maana mwiba ukibaki mwilini unaacha harufu inayofanana na ndizi mbivu inayowaita nyuki wengine. Mbebeni, asitembee. Miiba ikwanguliwe haraka kwa kucha au kisu, si jambo la kuchagua mbinu.

Kipanya_Dodoma
Kwani dawa za kawaida za mzio, Piriton na Hydrocortisone, hazitoshi? Huku tunazitumia, watu wanapona.

DktZamuUsiku
Mkuu, wanaopona kwa Piriton ni wale ambao wangepona hata bila Piriton. Inapunguza mwasho na mabaka, basi. Haifungui koo lililovimba, haipandishi presha iliyoanguka. Hydrocortisone nayo inachukua saa kadhaa kufanya kazi. Vyote viwili vinakuja baada ya adrenalini, si badala yake. Pampu ya pumu vilevile, inasaidia kifua tu.

Lini uchome? Uvimbe wa mahali nyuki alipouma peke yake, hata mkono wote uvimbe, si dalili ya kuchoma. Choma ukiona baada ya kuumwa: sauti inakwaruza au ulimi umevimba, kifua kinapiga filimbi au anashindwa kupumua, anazimia au mapigo ni dhaifu, au mabaka ya mwili mzima pamoja na kutapika mfululizo. Msisubiri dalili zote zikamilike. Kuchelewa ndiko kunakoua, na dozi hii kwenye paja la mtu mzima asiyeihitaji kwa kawaida italeta moyo kwenda mbio na kutetemeka kwa muda mfupi tu.

Sharti: ni paja tu. Kuichoma kwenye mshipa wa damu ikiwa na nguvu ya 1:1000 kunaweza kusimamisha moyo. Ukijichoma kidole kwa bahati mbaya, nenda hospitali, damu ya kidole inaweza kukatika.

Alale chali, miguu juu. Akishindwa kupumua akae, miguu ikiwa imenyooka mbele. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimamishwe ghafla hata akisema yuko sawa, kuna wanaoanguka pale pale. Safari ya hospitali iko palepale hata akipata nafuu, kwa sababu mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Kwenye pikipiki muwekeni katikati, mmoja nyuma amshike, lakini mkipata gari alale.

Na aliyeumwa na nyuki mamia anahitaji hospitali hata kama hana mzio. Hiyo ni sumu, adrenalini haiiondoi.

MfamasiaKanda
Kwenye joto, ampuli iliyofungwa ina nguvu kuliko mnavyofikiri, adui yake mkubwa ni mwanga na jua la moja kwa moja. Lebo itakwambia chini ya nyuzi 25. Iweke ndani ya boksi lake, funga kwa kitambaa, weka kivulini, isikae kwenye boksi la pikipiki wala kwenye barafu. Dawa nzuri ni maji maangavu yasiyo na rangi. Ikiwa ya waridi au kahawia, au ina chembe, tupa hata kama tarehe haijafika. Kagueni kila mwezi, mtu mmoja awe na daftari.

Kuna wanaopenda kuijaza kwenye bomba kabla, ili kuokoa muda. Inawezekana, ila bomba si ampuli: hewa inaingia polepole na dawa inaharibika mapema. Ijazwe na muuguzi au mfamasia kwa usafi, iandikwe dozi na tarehe, iwekwe kwenye kopo gumu lisilopitisha mwanga. Ibadilishwe baada ya miezi miwili, pwani kwenye unyevu mwingi msifike huko. Wekeni na ampuli za akiba.

Sababu ya kuzungumzia muda: utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2001 uliwapima watu wakijaza dozi ya mtoto mchanga kutoka kwenye ampuli. Wauguzi wa dharura walitumia sekunde 29 kwa wastani, wazazi sekunde 142, na dozi zao zilitofautiana mno. Kwa hiyo nunueni ampuli za kioo za maji ya sindano, mfanye mazoezi ya kuvunja na kuvuta, saa mkononi. Mtu asiyeweza kwa dakika moja asipewe mkoba.

Adrenalini inatoka kwa cheti. Mwombeni daktari huyo aandike maelekezo kwa majina ya hao wawili, na muuguzi wa zahanati awafundishe kwa mikono.

AsaliYaMiombo
Asanteni sana. Swali la mwisho: mwanachama mmoja ana kisukari, ana mabomba ya insulini. Yanatosha? Na yale ya chanjo ya 0.5 ml tuliyoyaona zahanati?

NesiWaDharura
Ya insulini hapana. Sindano yake ni fupi, nyingi ni milimita 8 au chini ya hapo, inaishia kwenye mafuta chini ya ngozi. Vipimo vya watoto vilionyesha dawa kufika kileleni kwenye damu baada ya dakika 8 ikichomwa msulini, na dakika 34 ikichomwa chini ya ngozi. Hizo ni dakika ambazo hamna. Halafu bomba limegawanywa kwa yuniti, kwenye yale yaliyoandikwa U-100 0.5 ml ni yuniti 50, mtu akisoma 5 imekula kwenu.

Ya chanjo ni mazuri kwa mkubwa: yanajaa 0.5 ml kamili na mengi yana sindano ya geji 23 ya milimita 25. Tatizo lake yanajifunga baada ya kutumika, na mengine ukishasukuma pistoni hata kidogo hayavuti tena. Usivute hewa kujaribu. Zamisha sindano kwenye ampuli ndipo uvute, na usitumie hayo kwa mazoezi. Kwa huyo kijana hayafai, hayana alama ya 0.3.

Sindano zilizotumika na vigae vya ampuli zitieni kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, mpeleke zahanati zikachomwe. Msizichimbie porini, wachunga ng'ombe wanapita humo pekupeku.