Praha wametupiga mchana kweupe, na risiti wametupatia

Wakuu, habari za Jumapili. Leo naomba nitoe povu. Wale wa "ungebaki Bongo ule Krismasi na wazazi" wapite kimya kimya, hayo mama yangu ameshaniambia yote.

Mke wangu anasoma Dresden, Ujerumani, shahada ya pili ya uhandisi, na kichwani mwake sasa hivi hamna kingine ila madaraja. Desemba nikamfuata. Hatukuwa tumeonana miezi kumi na minne. Tukaona siku tatu tutoroke wawili twende Praha, mji mkuu wa Ucheki, maana kutoka Dresden ni treni ya saa mbili na ushee tu, inaufuata mto Elbe hadi mpakani, na ukishavuka, mto ule ule unaitwa Labe. Viza yangu ya Schengen inafika mpaka huko. Kwa hiyo treni sina ugomvi nayo, ubalozi sina ugomvi nao, hata baridi ya hasi nne nimeisamehe. Ugomvi wangu ni na watu wawili tu: aliyenibadilishia hela na aliyenikatia kitimoto.

Nianze na wa hela. Ucheki wamo kwenye Umoja wa Ulaya lakini hawatumii euro, wanatumia koruna. Siku hiyo euro 1 ilikuwa inacheza kwenye koruna 25. Hilo nilikuwa nalijua. Mke wangu ni mtu wa kusoma kabla ya safari, alishanionya pia kuhusu wale jamaa wa barabarani wanaokunong'oneza wakubadilishie, ukifika mbele unakuta umepewa noti za nchi nyingine kabisa. Basi mimi nikajiona mjanja. Sibadilishi barabarani, naingia dukani, pana kioo, pana taa, pana mama wa makamo kavaa sweta la kufuma, utadhani mhasibu wa parokia.

Juu ya dirisha kibao kimeandikwa 0%, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, maana yake hawakati kamisheni. Chini yake bendera ya Ulaya na namba 25. Nikatoa euro 200. Mama akahesabu noti kwa kasi ya mtu anayegawa karata, akaikunja risiti katikati ya zile noti, akasukuma. Mke wangu akasema, "Mume wangu, hesabu." Nikamjibu tutahesabu mbele, saa inatuacha. Hapo ndipo nilipokosea, nakiri, msinisumbue nalo kwenye komenti.

Nilipewa 3,800. Pigeni wenyewe hesabu: 200 mara 25 ni 5,000. Ile 25 ya kwenye kibao ni bei ambayo WAO wanakuuzia wewe euro. Bei yao ya kununua ni 19, nayo ipo, imeandikwa, kwa maandishi ya sisimizi, kwenye karatasi iliyobandikwa usawa wa goti. Na 0% ni kweli tupu, kamisheni hawakukata hata senti. Koruna 1,200 zimekwenda, ambazo ni zaidi ya laki moja na ishirini za kwetu, na hakuna mtu aliyesema uongo!

Saa iliyokuwa inatuacha ni ile saa maarufu ya ukutani pale Uwanja wa Mji Mkongwe (ndiyo, na wao wana Mji Mkongwe, Staré Město, ila wa kwao hauna forodhani wala urojo). Ipo tangu 1410. Inaonyesha jua liko wapi, mwezi uko wapi, nyota gani zimekaa wapi, mpaka nikahisi inajua na deni langu la VICOBA. Kila ikigonga, vidirisha viwili vinafunguka juu, mitume wanapita mmoja mmoja wanachungulia watu. Chini kuna mifupa ya mtu inavuta kamba ya kengele, na upande wa pili amesimama bahili kashika mfuko wa hela anautikisa. Jogoo wa dhahabu anawika, imekwisha. Dakika haifiki. Watu mamia tumekaza shingo, simu juu, wengine na watoto mabegani, halafu tunaulizana, "Ndiyo hiyo?"

Mimi niliipenda, nisiseme uongo. Ila mke wangu alimtazama yule bahili, akaniambia, "Yule ndiye mwenye duka tulikotoka." Tukacheka sana. Tulicheka kwa sababu hela tulikuwa bado hatujahesabu.

Sasa kitimoto.

Uwanja huo huo Desemba wanaweka vibanda vya Krismasi chini ya mti mkubwa wenye taa. Mvinyo wa moto, soseji, na ile mikate ya kuzungushia kwenye mti, trdelník, inayochomwa kisha inapakwa sukari na mdalasini. Wanakuandikia kuwa ni ya kale ya pale pale. Ya kale wapi, mitaa hii ya watalii imeivamia miaka ya karibuni tu, na yenye ukoo unaojulikana ni ya Skalica, huko Slovakia. Ladha yake ni andazi. Andazi zuri, lakini andazi.

Kilichonivuta mimi ni paja zima la nguruwe linazunguka juu ya kuni, mafuta yanadondoka, moshi unakufuata mpaka ndani ya koti. Kibao: 119. Nikasema koruna 119 kwa sahani, si mbaya. Foleni tumekaa dakika arobaini, vidole vya miguu sivisikii tena. Nikafika. Jamaa hakuniuliza nataka kiasi gani. Akachanja pande, akachanja la pili, akalitupia na la tatu kama mtu anayemtuza bi harusi, akaweka kwenye mzani. 460. Akaandika kwenye mashine: 547.

Nikamwambia kibao kinasema 119. Akanyoosha uma wake, ule ule wa nyama, akagusa kona ya chini ya kibao. Hapo palikuwa na "100 g". Herufi za sisimizi tena, sijui sisimizi huyo analipwa na nani mji ule.

Wakuu, mimi natoka nchi ambayo kitimoto kinauzwa kwa kilo. Nimekua nakula kitimoto. Unamwambia jamaa nusu kilo, anakupimia nusu kilo mbele yako, ikizidi kidogo anakwambia "bosi imezidi, nikuache nayo?", unakubali au unakataa, ndizi zinawekwa juu, maisha yanaendelea. Halafu niende Ulaya nikapigwe kwa mzani! Ningekataa, ila nyama ilishakatwa, nyuma yangu watu hamsini wananikodolea, na mke wangu anatetemeka. Nikalipa. Zaidi ya elfu sitini, sahani ya karatasi, mkate wanatoza pembeni.

Jioni (naita jioni, ilikuwa saa tisa na dakika kumi mchana, lakini jua la Praha mwezi huo saa kumi linakuwa limeshaaga) tukarudi hotelini, tukamwaga hela kitandani, hesabu ikakataa. Mke wangu akaikunjua risiti. Nikashuka nayo mapokezi, kijana wa pale akaisoma, akavuta hewa kwa meno, akatazama saa ya ukutani. Akanieleza kuwa wana sheria, tangu 2019: ukibadilisha hela isiyozidi euro 1,000, una haki ya kurudi ndani ya saa tatu na risiti yako, wanafuta biashara yote, unarudishiwa euro zako. Bila kuulizwa sababu.

Risiti ilikuwa imepigwa saa tano na dakika arobaini na moja.

Fanyeni hesabu. Tulichelewa dakika ishirini na tisa. Foleni ya kitimoto peke yake ilikuwa dakika arobaini. Yaani mwizi wa pili ndiye aliyemlinda mwizi wa kwanza.

Nilirudi dukani hivyo hivyo, kichwa kichwa, nikidhani mama wa sweta atakuwa na utu. Hakupandisha sauti. Alichukua risiti, akachukua kalamu, akazungushia duara pale palipoandikwa 11:41, akanirudishia na tabasamu. Hilo duara ninalo mpaka leo. Mtu akikupiga Kariakoo, kesho unarudi na shemeji yako, mnasumbuana, mashuhuda wanajaa, mwenye duka jirani anaamua, unaondoka angalau na nusu yako. Huyu unamgombeza nini? Kila kitu kimeandikwa!

Kwa hiyo mnaopanga kwenda, toeni koruna kwenye mashine ya benki, na mashine ikikuuliza kama ikupigie hesabu kwa fedha ya kadi yako, kataa, acha benki yako ipige. Tiketi ya tramu igongeni kwenye kile kimashine cha njano, wakaguzi wapo na hawana mzaha. Na kwenye nyama, taja gramu kabla jamaa hajashika kisu. Halafu nina swali: kuna mdau humu aliyewahi kuitumia hiyo sheria ya saa tatu ikafanya kazi kweli? Au nayo ni kibao tu?

Kesho yake nilikuwa nimenuna. Tulipanda ngomeni, tukaona kanisa la Mtakatifu Vitus, lililoanza kujengwa 1344 likamalizika 1929, nikaona mafundi wangu wa Mbezi niliwalaumu bure. Lakini mke wangu alikuja kwa ajili ya daraja, akaniamsha siku ya mwisho saa kumi na mbili, giza. Daraja la Karlo, mita 516, limeanza 1357. Ukungu umekaa juu ya mto Vltava, sanamu thelathini zimejipanga zina theluji mabegani, hakuna mtu ila mzee mmoja na mbwa. Bibie alipiga magoti anapapasa mawe, ananisimulia hadithi yao kwamba chokaa ilichanganywa na mayai. Nikamsikiliza nusu saa nzima, na kwa mara ya kwanza tangu juzi yake sikuwaza 1,200.

Katikati ya daraja kuna sanamu ya Yohane wa Nepomuk, padri aliyetupwa mtoni hapo 1393. Chini yake bamba la shaba limeng'aa kwa kuguswa. Wanasema ukiligusa, utarudi Praha. Mke wangu akavua glovu, akaweka kiganja, akafumba macho.

Akanigeukia, "Na wewe gusa."

Mikono yangu ilibaki mfukoni.