Cygnus A: wazo la galaksi kugongana liliangushwa na nini?

Swali: Wakuu, mwaka 1954 wanaastronomia Baade na Minkowski walieleza Cygnus A, chanzo kikali cha mawimbi ya redio angani, kuwa galaksi mbili zinazogongana. Hoja hiyo ilishindwa wapi hasa?

Jibu la 1: Kwenye umbo. Picha ya darubini ya Palomar ilionyesha madoa mawili yaliyobanana, kwa hiyo wazo lilikuwa na mantiki. Lakini Jennison na Das Gupta walishapima mwaka 1953 kwa antena zilizounganishwa, wakakuta mawimbi ya redio yanatoka sehemu mbili, moja kila upande wa galaksi. Gesi zikigongana, tungetarajia mawimbi yatoke pale pale zinapokutana, katikati.

Jibu la 2: Ongeza hesabu ya nishati, ndiyo iliyouma zaidi. Mawimbi haya hutokana na elektroni ziendazo karibu na kasi ya mwanga zikizunguka kwenye uga wa sumaku. Uga ukiwa dhaifu, zinahitajika elektroni nyingi mno. Ukiwa mkali, uga wenyewe unabeba nishati kubwa. Mwanaastronomia Burbidge alitafuta kiwango cha chini kabisa cha jumla ya nishati hizo mbili, na kwa galaksi kubwa bado kilifika karibu ergi 10⁶⁰ (ergi ni kipimo cha nishati): sawa na kugeuza Jua laki tano na ushei kuwa nishati tupu!

Muulizaji: Sasa chanzo ni nini?

Jibu la 3: Shimo jeusi kwenye kiini, hoja ya Lynden-Bell ya 1969. Ila usiishie hapo. Mwaka 1974 Hargrave na Ryle waliona vidoa vikali kwenye kingo za nje za Cygnus A. Elektroni za pale huchoka, yaani hupoteza nishati, upesi, hivyo lazima ziongezwe mfululizo. Mlipuko mmoja wa zamani hautoshi. Ndipo wazo la mkondo mwembamba unaopeleka nishati kutoka kiinini likapata nguvu.