Nguvu ya taifa siku hizi inapimwa kwa nini hasa?

Mdadisi_Mbagala:
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanitatiza naombeni tuelekezane. Shule tulifundishwa taifa kubwa ni lenye jeshi, nyuklia na uchumi, basi. Sasa Aprili 2025 Trump kapandisha ushuru wa bidhaa za China mpaka ukagonga asilimia 145, mimi nikajua Mchina kaisha, kumbe mwezi huohuo kajibu kwa kubana usafirishaji wa aina 7 za yale madini adimu, na haukupita muda Ford wakafunga kiwanda chao cha Chicago karibu wiki nzima kwa kukosa sumaku zinazotengenezwa kwa madini hayo. Oktoba Trump na Xi, rais wa China, wakakutana Busan, Korea Kusini, kila mmoja akalegeza. Risasi haijapigwa hata moja! Hii ndo nguvu mpya? Na sisi Waafrika tunaokanyaga madini kila siku mbona hakuna anayetuogopa?

Fundi_Mchundo:
Mkuu, madini adimu sio adimu kihivyo, yapo nchi nyingi tu. Kazi ipo kwenye kuchenjua, yaani kuyatenganisha na mawe na kuyasafisha. Ni kazi chafu, tindikali kibao, na inataka uvumilivu wa miaka. Marekani walikuwa na mgodi wao Mountain Pass kule California ambao ndo ulikuwa unaongoza dunia mpaka miaka ya 80, wakaona bora wanunue China bei rahisi na uchafu ubaki hukohuko. Mchina akakaa kimya anajenga mitambo. Mjapani alishaonjeshwa 2010, boti ya uvuvi ya China iligongana na meli zake za doria, mzigo wa madini hayo kutoka China ukakwama, akashtuka akaanza kuweka akiba na kuikopesha hela Lynas, kampuni ya Australia ya madini hayohayo, ili apate njia nyingine.
Na Marekani naye anabana vilevile, Oktoba 2022 aliwazuia Wachina chip za kisasa na mitambo ya kuzitengenezea. Ile mitambo ya hali ya juu kabisa dunia nzima inaundwa na kampuni moja tu, ASML ya Uholanzi. Kwa hiyo swali la saivi ni nani kakaa pale ambapo wengine lazima wapite.

Dereva_wa_Masafa:
Mimi msomi sio ila njia ya Dar–Kolwezi kule Kongo naila kila mwezi, Tunduma, Nakonde, Kasumbalesa. Februari 2025 Kongo walifunga kobalti, yale madini ya betri, isitoke nchini. Kabla ya hapo unaweza kurudi na ile mifuko mikubwa ya kobalti, baada ya hapo ni shaba tupu, zile sahani zimefungwa mikanda ya chuma, kila ukisimama unashuka na tochi unahesabu mafungu maana likipungua moja ni wewe na familia yako. Migodi haikusimama kwa sababu kobalti inatoka pamoja na shaba, wakawa wanairundika tu uani. Bei ilikuwa chini kabisa, mpaka mwaka unaisha ilishapanda zaidi ya mara mbili na Kongo wakaondoa marufuku na kuweka mgao tangu Oktoba. Kwa hiyo anayesema Mwafrika haogopwi, hapo waliogopa jamani.

Bibi_Uchumi:
Kaka dereva nimekuelewa na kwa kweli nilifurahi Kongo walipothubutu. Ila tuseme ukweli wote. Kongo anachimba kama asilimia 70 ya kobalti ya dunia, lakini wa kuisafisha ni Mchina, na migodi mikubwa kama Tenke Fungurume na Kisanfu ni ya kampuni ya CMOC, Wachina haohao. Halafu bei ikipanda sana watengeneza magari wanahamia betri za chuma na fosfeti ambazo kobalti haimo kabisa, na kwa China magari mengi ya umeme tayari yanatumia hizo. Ukibana kitu ambacho mwenzio anaweza kukiacha, unampa sababu ya kukiacha. Ndo maana roho yangu iko kwenye nikeli ya Kabanga pale Ngara, nayo ni madini ya betri, yale makubaliano ya serikali yetu na mwekezaji ya 2021 yana mpango wa mtambo wa kusafishia Kahama. Huo mtambo ukichelewa tutabaki kuhesabu malori.

Mdadisi_Mbagala:
Hapo kwenye betri zisizo na kobalti dada umenishtua, sikuwa najua. Sasa nikeli nayo si ni hivyohivyo, betri hizo za chuma na fosfeti nazo nikeli hazina? Mwenye kujua hesabu za Kabanga aje hapa, nataka kuelewa tuna miaka mingapi mkononi.