"Umeelewa mama?" SIO MAELEZO! Hospitali mtatumalizia wazazi

Wakuu leo naandika nikiwa na hasira, kama kuna mahali nitarukaruka mnivumilie.

Mama yangu ana presha. Shule hakwenda sana, kusoma anasoma lakini kwa kuungaunga. Juzijuzi kabadilishiwa dawa, dirishani wakampa kibahasha kimeandikwa kwa peni 1x2, basi. Dada wa pale kamwambia "moja mara mbili, umeelewa mama?" mama kajibu ndiyo, anayefuata apite.

Haya niambieni, moja mara mbili ni ngapi? Si mbili! Ndivyo tulivyofundishwa wote. Sasa mama kila asubuhi anameza viwili kwa mpigo, jioni hamezi kitu maana kwa hesabu yake ameshamaliza. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba vidonge vilikuwa vinapungua vilevile kama inavyotakiwa, mimi kila siku mbili tatu nafungua kibahasha nahesabu naona viko sawa, wala sikushtuka. Anasema kichwa chepesi, namwambia mama pumzika. Siku ya nane kaanguka bafuni.

Tumerudi naye hospitali, nesi anamfokea mbele ya watu, "lakini mama si tulikuuliza ukasema umeelewa?" Mama kainamisha kichwa kabisa, anakunjakunja ncha ya khanga, ananiambia kwa sauti ya chini "mwanangu nilidhani nimeelewa." Mtu mzima kazalilishwa kwa kosa ambalo sio lake!

Jamani nani anajibu hapana akiulizwa "umeelewa"? Foleni nyuma yako, mwenye koti jeupe anaangalia mlango, wewe husomi vizuri na hutaki watu wajue. Utasema ndiyo hata kama hujaambulia kitu. Swali lenyewe linakulazimisha udanganye.

Na msiseme ni mama yangu peke yake. Marekani mwaka 2006 walichapisha utafiti wa wagonjwa 395, moja ya maelekezo waliyopewa ni "meza vidonge viwili mara mbili kwa siku". Wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, karibu 71% waliweza kuyasema maelekezo vizuri tu, ila walipoambiwa haya onyesha ni vidonge vingapi kwa siku, waliopatia hawakufika hata 36%. Yaani mtu anakusomea lebo bila kukosea halafu vidonge vinne havimjii! Kwa hiyo hata ukimwambia mgonjwa arudie maneno yako kama kasuku bado hujajua kitu, mpe vidonge mkononi umwambie mama nionyeshe, asubuhi utameza vipi, jioni je. Hii kitu ya kumwambia mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe ipo miaka mingi tu na watu wa afya wanafundishwa, sasa inaishia wapi wakifika kazini?

Wanajitetea muda hakuna. Muda wa nini? Kuchora jua na mwezi kwenye kibahasha na kidonge kimoja chini ya kila kimoja ni sekunde ngapi? Mama kalala wodini siku mbili, drip, vipimo, daktari kaitwa usiku, huo muda umetoka wapi?

Na sio dawa tu. Jirani yake wodini kaambiwa majibu yake ni "negative" akaanza kulia, kwake negative ni kitu kibaya, kalia mpaka mtu wa usafi ndio kamwambia bibi hiyo maana yake hawajakikuta hicho kidudu, mshukuru Mungu. Mtu wa usafi! Daktari alikuwa keshapita.

Halafu hakuna aliyewahi kumwambia mama kwamba presha inaweza kuwa juu na usisikie chochote, kwa hiyo zamani kila akijisikia mzima alikuwa anaacha dawa, na kila kliniki anaitwa mkaidi. Kwenye faili lake wameandika eti hafuati dawa. Andikeni na nyie basi kwamba hamkumweleza!

Jumanne tuna kliniki. Siondoki pale dirishani mpaka mama ahesabu vidonge mbele yao, foleni inune inavyotaka. Waliomo humu wanaofanya kazi kwenye dirisha la dawa naomba mnijibu, nani aliwafundisha kuandika 1x2 na kwa nini hamuandiki tu "kimoja asubuhi, kimoja jioni"?